Mbingu Zikiwaka, Zinamshuhudia Nani?



Ziko nchi ambako mbingu huwaka usiku. Huko Norwe, Uswidi, Kanada na sehemu za juu kabisa za Urusi, mtu akitoka nje usiku wa baridi usio na mawingu aweza kuona utepe wa nuru ya kijani umelala toka mashariki hata magharibi. Mara utepe ule hukunjuka na kutikisika kama pazia lililopigwa na upepo. Pindo lake la chini hugeuka zambarau, na juu yake huchomoza wekundu. Baada ya muda nuru hufifia, na nyota hubaki mahali pake kana kwamba hakuna lililotokea. Hizo ndizo nuru za kaskazini. Upande wa pili wa dunia, juu ya Antaktika na bahari zinazoizunguka, ziko nuru za kusini. Nahodha James Cook wa Uingereza alizitazama mwezi Februari 1773, merikebu yake ikiwa mbali kusini mwa Bahari ya Hindi. Wataalamu huziita zote kwa jina la aurora, neno la Kilatini lenye maana ya mapambazuko.

Sisi tuishio karibu na ikweta hatuzioni. Huenda basi mtu akauliza, gazeti la parishi lina habari gani na nuru zisizofika kwetu? Jibu ni kwamba ndani ya historia ya nuru hizi limo swali ambalo hutufikia kila mara, tena hadi mlangoni: jambo kubwa likitokea mbinguni au duniani, je, tuna haki ya kusema kwamba limetokea kwa ajili yetu, au dhidi ya jirani yetu?

MOTO USIOKUWAKO

Mwandishi wa Kirumi, Seneca, anasimulia kwamba katika siku za Kaisari Tiberio mbingu ziligeuka nyekundu usiku, na askari wakatoka mbio kwenda Ostia, bandari ya Roma, wakidhani mji unateketea. Walipofika walikuta mji mzima. Zaidi ya miaka 1,900 baadaye, usiku wa tarehe 25 Januari 1938, mbingu za Ulaya ziliwaka nyekundu toka kaskazini hata Ureno, na katika nchi kadhaa vikosi vya zimamoto viliitwa kuzima moto ambao haukuwako.

Tusiwacheke watu hao. Walikosea, lakini kosa lao lilikuwa la heri: waliona wekundu, wakafikiri wenzao wako hatarini, wakakimbia kusaidia. Kuna kosa jingine lililo baya zaidi, nalo ni la yule aonaye nuru hiyo hiyo akasema, "Mbingu zimenipa haki."

Mwaka 1716 huko Uingereza, bwana mmoja wa kaskazini, James Radcliffe wa Derwentwater, alikatwa kichwa kwa kuasi serikali ya Mfalme George wa Kwanza. Siku chache baadaye, mwezi Machi, nuru kubwa ilionekana juu ya nchi. Watu wa kwao kaskazini wakaziita taa za Bwana Derwentwater, na jina hilo likadumu miaka mingi. Kwa waliompenda, mbingu zilikuwa zinamlilia. Lakini mtu wa upande wa mfalme naye angeweza kutazama juu usiku ule ule na kuona mbingu zikiwakasirikia waasi. Nuru ni moja na usiku ni mmoja, lakini maneno yanayowekwa kinywani mwake ni mawili, tena yanapingana.

USIKU WA FREDERICKSBURG

Mfano mzito kuliko huo ni wa Marekani. Mwezi Desemba 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, majeshi ya Kaskazini na Kusini yalipigana katika mji wa Fredericksburg, jimbo la Virginia. Jeshi la Kaskazini liliamriwa kupanda kilima mbele ya bunduki za adui, likapanda mara kwa mara, na kila mara likafyekwa. Zaidi ya watu 12,000 wa jeshi hilo waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Wengi walilala uwanjani katika baridi, wafu kwa majeruhi, pasipo mtu wa kuwachukua.

Usiku wa tarehe 14, nuru za kaskazini zilionekana juu ya uwanja huo, jambo ambalo ni nadra Virginia. Askari wa Kusini waliziona wakafurahi; wako waliosema kwamba mbingu zinasherehekea ushindi wao. Upande wa pili afisa mmoja wa Kaskazini, Joshua Chamberlain, aliyekuwa miongoni mwa waliozika wafu wao, aliandika baadaye kwamba aliziona nuru zile kama heshima za mbinguni kwa mashujaa wa upande wake.

Hapa yapasa tusimame kidogo. Dola iliyopiganiwa na askari wale wa Kusini ilianzishwa ili kuulinda utumwa. Sisi ambao Kanisa Kuu letu la Mkunazini, Unguja, limejengwa palipokuwa soko la watumwa hatuhitaji kufundishwa utumwa ni nini. Jeshi lililotaka watu waendelee kununuliwa na kuuzwa lilitazama mbingu nzuri, likasema, "Mungu yuko nasi." Halikudanganya kwa makusudi. Liliona kwa macho yake mwenyewe. Siku 18 baadaye, tarehe 1 Januari 1863, Rais Abraham Lincoln alitoa tangazo la kuwaweka huru watumwa wa majimbo yaliyoasi, na mwaka 1865 dola ile ya Kusini ikaanguka.

Basi, nuru zile zilikuwa zinasema nini? Ili tujibu, yafaa tujue zilitoka wapi.

NURU HIZO HUTOKA WAPI

Jua liko mbali nasi kilomita milioni 150 hivi. Wakati wote hutoka huko upepo, usio wa hewa bali wa chembe ndogo mno zenye umeme, nyingi zikiwa elektroni na protoni. Kwa kawaida upepo huo huenda kwa kasi ya kilomita 400 hivi kila sekunde. Mara nyingine jua hutupa wingu zima la chembe hizo kwa nguvu kubwa, nalo, likielekea kwetu, hutufikia baada ya siku 1 hadi 3.

Dunia nayo ni sumaku kubwa. Nguvu yake ya sumaku huufanya upepo ule upite kando, kama jiwe mtoni linavyoyagawa maji. Lakini ngao hiyo husukumwa na kuvutwa. Upande wa usiku hurefuka kama mkia, na nguvu hujikusanya humo kama katika mpira wa manati. Mpira ukiachiwa, elektroni hutupwa kuelekea duniani. Hazishuki popote, hufuata mistari ya sumaku, na mistari hiyo huingia duniani karibu na ncha zote mbili. Ndiyo maana nuru hujipanga kama pete kuizunguka kila ncha, na ndiyo maana sisi wa katikati hatuzioni.

Elektroni hizo zikigonga hewa iliyo juu sana, hewa hung'aa. Wanaokumbuka televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa, wataelewa upesi, maana kioo chake kiling'aa kwa njia hiyo hiyo, elektroni zikikigonga kwa ndani. Huko juu kioo ni hewa yenyewe. Oksijeni iliyo kwenye kimo cha kilomita 100 hadi 150 hivi hutoa nuru ya kijani. Oksijeni iliyo juu zaidi, kupita kilomita 200, hutoa nyekundu. Nitrojeni huleta buluu na zambarau.

Nuru nyekundu ina siri yake. Chembe ya oksijeni ikishagongwa huchukua karibu dakika 2 kabla ya kuitoa. Kule chini kidogo, ambako hewa ni nzito zaidi, chembe hugongana na nyingine kabla muda huo haujatimia, na nguvu ile hupotea bila kuangaza. Juu kabisa hewa ni nyembamba mno, chembe zimeachana, na nafasi ya kungoja ipo. Kwa hiyo wekundu hukaa juu, kijani chini yake. Mtu aliye mbali na ncha huona sehemu ya juu tu, kama msafiri aonavyo kilele cha mlima kabla ya kuona chini yake. Huona wekundu karibu na upeo wa macho, pasipo kijani, naye hudhani kuna moto nyuma ya vilima. Hilo ndilo lililowatoa mbio askari wa Tiberio.

Jambo la mwisho ndilo kubwa kwa swali letu. Nuru za kaskazini na za kusini huwaka pamoja. Dhoruba inayotoka juani haichagui ncha moja. Mistari ya sumaku huunganisha ncha zote mbili, na elektroni hushuka huku na huku. Kwa hiyo askari wa Fredericksburg walipokuwa wakitazama juu, pete ya pili nayo, kwa jinsi tunavyojua leo, ilikuwa inawaka kusini. Na mwezi Desemba katika Antaktika jua halizami. Nuru zile ziliwaka mchana mweupe, juu ya barafu, pasipo jeshi, pasipo kaburi, pasipo jicho la mtu hata mmoja la kuziona. Kule hazikusherehekea ushindi wa mtu yeyote. Na kama kule hazikusherehekea, hata Virginia hazikusherehekea, maana zilikuwa dhoruba moja.

WALIONGOJA

Elimu hii haikupatikana kwa siku moja, na namna ilivyopatikana ina funzo.

Baada ya nuru zile za 1716, Edmond Halley, mtaalamu wa nyota, alieleza kwamba huenda zinahusika na sumaku ya dunia. Mengi aliyoyasema hayakuwa sahihi, lakini alielekeza macho mahali panapofaa. Mwaka 1741, katika mji wa Uppsala huko Uswidi, Anders Celsius na msaidizi wake Olof Hiorter waligundua kwamba nuru zikiwaka, sindano ya dira hutikisika. Celsius alikuwa amepatana na mtaalamu mwenzake wa London kwamba kila mmoja aitazame dira yake, na siku ya mtikisiko mmoja mkubwa ikaonekana kwamba sindano zote mbili zilisumbuka. Hapo ilikwisha kuonekana kwamba jambo hili halikuwa la mji mmoja wala la mfalme mmoja.

Tarehe 1 Septemba 1859, Mwingereza Richard Carrington alikuwa akichora madoa ya jua alipoona mwako wa ghafla juu yake. Saa 17 hivi baadaye dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku kubwa kuliko zote zilizoandikwa tangu vyombo vya kupimia vianze kutumika. Nuru zilionekana hata Cuba. Nyaya za telegrafu zilijaa umeme. Mahali pengine makarani walitoa betri wakaendelea kupelekeana habari kwa umeme wa mbinguni peke yake. Mtu mwingine angepiga mbiu kwamba amegundua sababu. Carrington alitaja kwamba mambo mawili yamefuatana, lakini akaonya kwamba mara moja haitoshi kuyaunganisha. Ushahidi alikuwa nao mkononi, naye akakataa kuufanya useme zaidi ya ulivyosema.

Kisha akaja Kristian Birkeland wa Norwe. Majira ya baridi ya 1899 hadi 1900 alikaa na wenzake juu ya mlima Haldde, kaskazini kabisa ya nchi yake, wakipima. Kijana mmoja wa kundi lake alifukiwa na maporomoko ya theluji akafa. Birkeland alirudi akatengeneza dunia ndogo ya sumaku ndani ya sanduku la kioo lililoondolewa hewa, akaipiga kwa elektroni, nayo ikang'aa pete mbili kuzunguka ncha zake. Alisema kwamba chembe za umeme hutoka juani, na kwamba mikondo ya umeme hushuka kufuata mistari ya sumaku. Wataalamu wengi wenye sifa hawakumkubali. Alikufa mwaka 1917. Vyombo vilivyorushwa angani katika miaka ya 1960 na 1970 ndivyo vilivyothibitisha kwamba mikondo ile ipo.

Linganisheni, wapendwa, watu hao na washindi wa Fredericksburg. Mmoja aliona mara moja akangoja. Mwingine alipima maisha yake yote akafa hajasadikiwa. Lakini wale waliotaka mbingu ziwasifu walipata jibu lao usiku ule ule. Jibu linalotujia upesi hivyo, tena likitusifu, latupasa kulishuku.

JE, AJABU IMEKWISHA?

Wako watakaosema kwamba elimu ya namna hii huondoa ajabu, na pengine humwondoa Mungu. Sioni hivyo. Aliyeambiwa kwamba wekundu ule ni chembe zilizopewa nafasi ya kungoja dakika 2 mahali patupu kilomita 200 juu ya kichwa chake, hana sababu ya kustaajabu kidogo kuliko yule aliyeambiwa ni moto. Kilichoondolewa si ajabu. Kilichoondolewa ni ile ruhusa ya kuitumia ajabu kwa faida yetu.

Wala tusiseme kwamba mwenye elimu ni mwema na asiye nayo ni mbaya. Wasami, wenyeji wa kaskazini ya Norwe, Uswidi na Ufini, hawakujua habari za elektroni. Mapokeo yao yaliwafundisha kunyamaza chini ya nuru hizo, wasizipigie miluzi wala kuzidhihaki. Hawakujua sababu, lakini walijua kwamba wamesimama mbele ya jambo lisilo lao. Katika hilo walikuwa karibu na kweli kuliko waliotangaza kwamba mbingu ziko upande wao.

Tena elimu nayo huleta wajibu wake. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya sumaku ilizima umeme wa jimbo la Quebec huko Kanada. Mitambo ilianguka kwa muda wa sekunde 90 hivi, na watu wapatao milioni 6 wakakaa gizani, wengi kwa saa 9. Mwezi Mei 2024 dhoruba nyingine ilivuruga vyombo vinavyoongozwa na satelaiti, hata wakulima wa Marekani wakalazimika kusimamisha matrekta yao wakati wa kupanda. Zamani mtu angeuliza Quebec ilitenda dhambi gani. Leo tunauliza jinsi ya kuzilinda transfoma, na nani yuko hospitali akihitaji umeme usiku huu. Swali la pili lina huruma ndani yake kuliko la kwanza.

SWALI LINALOTUHUSU

Nuru hizi hazitufikii, lakini tabia hii tunayo. Radi ikipiga nyumba, kabla majivu hayajapoa watu wameanza kunong'ona juu ya mwenye nyumba. Mvua ikikosa, anatafutwa mkosaji, na mara nyingi apatikanaye ni mama mzee asiye na mtu wa kumtetea. Ukimwi ulipotokea Kagera mwaka 1983 na kuenea nchi nzima, wapo miongoni mwetu waliotamka upesi kwamba ni hukumu ya Mungu juu ya wagonjwa. Waliosema hivyo walijiona salama, na wengi walipata sababu ya kutokwenda kumwosha aliyelala kitandani.

Wasomaji wa Injili wanakumbuka habari za mnara wa Siloamu ulioangukia watu 18 wakafa. Bwana wetu hakukubali kwamba watu wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Aliligeuza swali, akalielekeza kwa waulizaji wenyewe. Anguko la mnara halikuwapa waliobaki haki ya kujivuna.

Sisemi kwamba Mungu hasemi na watu. Nasema kwamba tukidhani tumemsikia, tujipime kwa kipimo kimoja: je, nililosikia linanitaka nibadilike mimi, au linamhukumu jirani yangu tu na kuniacha nilivyo? La kwanza tulitafakari kwa kicho. La pili tulishuku, hata kama limekuja na nuru ya rangi tatu toka upeo hata upeo.

Na kama ni lazima tukosee, maana sisi ni wanadamu, basi tukosee kama askari wale wa Ostia. Tuone wekundu usiku, tudhani jirani anaungua, tutoke mbio na ndoo za maji. Tukifika tukakuta nyumba yake ni nzima, hatutakuwa tumepoteza kitu ila usingizi kidogo, naye atakuwa amejua kwamba akipatwa na moto wa kweli tutakuja.